Kitambulisho Nilichopata Nikiwa Bibi

Kitambulisho changu kilitolewa mwaka 2023. Wakati huo nilikuwa nimeshazaa, nimeshaozesha na nimeshaitwa bibi. Nilizaliwa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, katika kijiji cha wavuvi kisicho mbali na Shimoni, na ukiondoa safari za hospitali na za maziko, sijaishi pengine. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka ishirini ya utu uzima wangu nilihesabiwa mgeni asiye na kibali katika nyumba niliyozaliwa.

Naandika kwa ajili ya walio nyuma yangu kwenye foleni. Wapo Wapemba wenzetu, watu wa asili ya kisiwa cha Pemba, waliokuwa dago, yaani kwenye kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, wakati wa usajili, wapo watu wa jamii ndogo ambazo hazijatajwa kabisa, na wapo Wakenya wa mipakani ambao kasoro ya herufi moja inawatesa kama tulivyoteswa sisi. Mimi si wakili. Ni mama karanga, nakaanga samaki na kuwauza jioni. Lakini jambo hili nimelipitia kwa miguu yangu, na mengi ninayoyajua leo yalitugharimu pesa na heshima kuyajua.

Niseme kwanza tulifikaje hapa, maana maafisa wote walianzia hapo, na aliyeshindwa kueleza alirudishwa nyumbani.

Baba alikuja akifuata samaki. Wavuvi wa Pemba walikuwa wakivuka kuja pwani hii na upepo wa msimu, wanapiga dago miezi kadhaa, wanakausha papa na nguru, kisha wanarudi. Wengine hawakurudi, walioa. Wakati baba anavuka, Shimoni na Pemba zilikuwa chini ya Sultani mmoja wa Zanzibar, angalau kwa jina, kwa kuwa ule ukanda wa maili kumi wa pwani Mwingereza aliusimamia tu kwa mkataba wa 1895. Hakuna aliyemwambia baba kwamba amevuka mpaka wa nchi. Mpaka ulikuja baadaye, ukamkuta ameshatia nanga.

Mama alikuja kwa njia nyingine, akiwa mtoto. Jamaa zake walikimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Ishike hiyo tarehe, nitairudia, kwa sababu siku thelathini na moja ziliwahi kumtenga mama na baba mbele ya sheria.

Nilitimiza umri wa kuchukua kitambulisho mwaka 1997, na sidhani kama ulikuwepo mwaka mbaya kuliko huo kwa mtu wa pwani asiye na karatasi. Agosti mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, kisha vijana wakaanza kuwasaka watu wa bara: Waluo, Wakikuyu, Wakamba, majirani waliokuwa na vibanda vyao na watoto wao shuleni. Watu zaidi ya mia moja walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama. Serikali ikamwaga askari Kwale yote. Kila aliyeshindwa kuonyesha kitambulisho alikuwa mshukiwa, na sisi kijiji kizima tulikuwa hatuna. Wanaume walilala baharini kwenye ngalawa usiku baada ya usiku. Si kwamba walikuwa na hatia; wangejielezaje?

Wenzangu niliosoma nao walikwenda kwa chifu wakajaziwa fomu. Mimi niliulizwa jina la baba, nikataja, akaweka kalamu chini.

“Nyinyi ni Wapemba. Kwenu Tanzania.”

“Nimezaliwa hapa, mzee. Mkunga aliyenizalisha yuko hai.”

“Mkunga hatoi uraia, binti. Lete kitambulisho cha baba.”

Baba hakuwa nacho, kwa sababu na yeye aliambiwa alete cha baba yake. Wenzetu waliojaribu kwenda Tanzania kuulizia waliambiwa kule kwamba wao ni Wakenya, warudi kwao. Mzunguko ndio huo, na ningekuwa na uwezo wa kumwambia kila kijana jambo moja la awali, ni kwamba ombi lako likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Zamani ilikuwa ndoto, lakini tangu Katiba ya 2010, kifungu cha 47, mtu ambaye haki yake inaathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kuandikiwa sababu. Afisa akijua itabidi aandike, mara nyingi anasita kukukataa kwa mdomo tu. Na akiandika, una karatasi. Hata karatasi ya kukataliwa ni ushahidi kwamba ulikwenda, ukiwa na umri gani, mwaka gani. Wale waliokuwa na barua za namna hiyo walitusaidia sana baadaye.

Watu huniuliza kukosa kitambulisho kunauma wapi hasa, maana samaki hawaulizi kabila. Kunauma kwenye vitu vidogo vya kila siku. Mume wangu hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, kwa hiyo alivua chini ya jina la mwenye chombo, na mwenye chombo alijua kwamba hana pa kwenda, akampunja apendavyo. Kwenye BMU, kile kikundi kinachosimamia ufuo, alikuwa mchangiaji asiye na kura. Simu zilipokuja na M-Pesa ikafuata 2007, laini yangu ilisajiliwa kwa jina la jirani. Tuliishi vizuri na jirani huyo hadi alipofariki. Laini ikaja kufungwa na fedha za samaki wa msimu mzima zikabaki humo, kwa sababu wa kuzidai ni warithi wake, na warithi wake walikuwa na shida zao. Usiweke akiba kwenye laini ya mtu mwingine, hata awe malaika. Weka kwenye kikundi cha kinamama chenye daftari, weka kwenye dhahabu, weka popote, lakini si huko.

Halafu kuna barabarani. Kutoka kwetu hadi Ukunda mtu hukutana na kizuizi cha polisi. Abiria wote wanatoa vitambulisho, wewe unatoa noti. Siku noti hakuna, unashuka. Mume wangu alishikwa akashtakiwa kwa kuwa nchini bila kibali, na tulichomtolea kilitoka kwenye mashine ya mashua tuliyoiuza. Mpaka leo hatujanunua nyingine.

Sasa niongee kuhusu njia ya mkato, kwa sababu najua wengi mnaifikiria.

Kaka yangu mkubwa alichoka mapema. Akatafuta dalali, akalipa pesa, ingawa kitambulisho cha kwanza wakati ule hakikuwa na ada yoyote, akaandikwa Mdigo, kabila la wenyeji wa Kwale. Alifundishwa jina la babu wa uongo, akafundishwa mbari, akakariri majibu ya Kidigo kwa sababu kwenye kamati ya wazee waliokuwa wakiwapiga watu msasa, mzee mmoja angeweza kukugeuzia lugha ghafla. Alifaulu. Wengine wa kaskazini, Malindi na Lamu, walijiandikisha Wabajuni. Simlaumu. Alipata leseni, akafungua akaunti, akapiga kura.

Gharama ilikuja polepole. Watoto wake wana jina la ukoo ambao si wake. Baba alipofariki, kaka hakuweza kusaini popote kama mwanawe, kwa kuwa kwa karatasi hawakuwa na udugu. Na jamii yetu ilipotambuliwa, tulipokuwa tukipanga mstari kujiandikisha, yeye alikaa nyumbani. Alishakuwa Mkenya kwa karatasi, tena wa kabila jingine, na kutoa habari za uongo ili upate kitambulisho ni kosa la jinai. Alihofia kwamba akijitokeza kurekebisha atafungwa. Wapo wengi kama yeye. Ushauri niliosikia kwa wasaidizi wa kisheria, na ninaoupitisha kwenu, ni kutokwenda ofisini peke yako kueleza jambo kama hilo. Nenda kwanza kwa wakili au shirika la haki za binadamu linaloshughulikia uraia, uandike hati ya kiapo, kisha wao ndio wakupeleke.

Mwaka 2001 mambo yalichanganyika zaidi. Tarehe 26 na 27 Januari askari wa Tanzania waliwapiga risasi waandamanaji wa upinzani Zanzibar na Pemba, na Wapemba zaidi ya elfu mbili wakavuka kuja Shimoni kwa mashua. Tuliwapokea, wengine walikuwa binamu zetu wa damu. Walikuwa wakimbizi kwa maana halisi, Umoja wa Mataifa ukawaandikisha, baadhi wakahamishiwa Dadaab na wengi wakarudi makwao. Lakini baada ya hapo kila nilipoingia ofisini niliambiwa, “Nyinyi si ndio mlikuja 2001?” Nikiwa na watoto waliozaliwa Msambweni kabla ya huo mwaka! Waliokuja na kaskazi ya ukoloni, waliokimbia Mapinduzi na waliokimbia risasi za 2001 wote walitiwa kapu moja. Kama jamii yako imeingia nchini kwa mawimbi tofauti, tenganisheni historia zenu mapema, kwa majina na vijiji. Msiwaonee aibu waliokuja mwisho, lakini msikubali karatasi zenu ziandikwe pamoja, kwa sababu sheria inawatazama kwa namna tofauti.

Sheria yenyewe ilikuja 2011, Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Kwa mara ya kwanza iliwataja watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Ilisema kwamba mtu kama huyo, akiwa ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru, anaweza kuomba asajiliwe kuwa raia. Watoto wake pia walikuwa na kifungu chao. Msaidizi wa kisheria alitusomea chini ya mwembe na watu wakalia kwa furaha.

Kisha mama akauliza, “Mwanangu, sisi tulikuja baada ya Mapinduzi. Hiyo ni kabla au baada?”

Ni baada. Uhuru wa Kenya ni 12 Desemba 1963, Mapinduzi ni 12 Januari 1964. Baba alikuwa ndani ya sheria, mama nje yake. Na hata baba, lile neno “mfululizo” lilimtoa jasho. Mvuvi wa dago atathibitishaje kwamba hajatoka Kenya tangu 1963, wakati kazi yake ni kufuata nguru hadi kwenye mkondo wa Pemba na kurudi? Kulikuwa pia na sharti la mwombaji kujua Kiswahili au lugha mojawapo ya nchi. Hilo tulilicheka. Afisa aliyelitaja alikuwa akikosea ngeli, na wazee wetu kwa adabu wakajifanya hawakusikia.

Kifungu hicho kilipewa miaka mitano, kikaongezewa mitatu, kikamalizika 2019. Katika kijiji chetu hakuna aliyefanikiwa kwa njia hiyo. Hakuna mtu aliyekuja kutuletea fomu, na waliofuata fomu Mombasa waliambiwa hazijachapishwa au wasubiri maelekezo. Niliyojifunza hapo ni kwamba sheria yenye muda wa mwisho lazima ifuatwe na kundi kuanzia mwezi wa kwanza, na kila ziara iandikwe kwenye daftari: tarehe, ofisi, cheo cha afisa na alichosema. Sisi tulisubiri kuitwa, na baba alifariki akisubiri.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na wimbi jingine. Ukutani, kwenye nguzo, kwenye miamba ya barabara ya kwenda Lunga Lunga, paliandikwa “Pwani si Kenya”. Ni kauli ya Baraza la Jamhuri ya Mombasa, MRC, kundi lililodai kwamba ule ukanda wa maili kumi haukupaswa kuunganishwa na Kenya, kwamba makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar hayakuwauliza wenyeji. Malalamiko yao kuhusu ardhi yalikuwa ya kweli. Hapa kwetu mtu anaweza kuishi miaka hamsini kwenye kipande cha ardhi kisha siku moja aje mtu na hati miliki kutoka mbali, amwambie aondoke. Serikali ililipiga marufuku kundi hilo 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012, na Oktoba kiongozi wao akakamatwa Kombani katika msako ambao watu walikufa.

Mtoto wa dada yangu alivutwa. Ukitaka kumshawishi kijana ambaye Kenya imemkataa, mwambie kwamba hapa si Kenya. Ni maneno matamu sana kwa mtu wa hali hiyo, na sikuweza kumbishia kwa kumwambia aipende nchi yake, maana angeniuliza ipi. Nilichomwambia ni hiki: waulize hao wanaotaka Pwani yao, je, katika hesabu yao Mpemba ni mwenyeji? Aliuliza. Jibu alilopewa na mmoja wao lilikuwa kwamba jambo hilo litaangaliwa baadaye. Yaani hata kwenye nchi ambayo haijazaliwa tulikuwa tayari tumewekwa kwenye foleni ya kupigwa msasa. Akaacha kwenda mikutanoni.

Sisemi hivi kuwakejeli waliokuwamo. Wengine walikuwa watu wa heshima waliochoka kuporwa. Ila nimeishi vya kutosha kuona kwamba wanaogombania nani mwenyeji, wawe wa serikali au wanaoipinga, hutumia rula moja, na aliye wachache hupimwa na wote wawili. Kwa asiye na kitambulisho hatari ni maradufu: mwenzako akikamatwa katika msako ana jina, ana namba, ndugu watamtafuta kituoni. Wewe unaweza kutupwa mpakani usiku.

Kilichotufungua macho ni Wamakonde. Ni majirani zetu wa Makongeni, asili yao Msumbiji, waliletwa na kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa wakati wa mkoloni. Shida yao ilikuwa yetu. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kuelekea Nairobi kwa miguu, wazee na kina mama, wakazuiliwa njiani, wakaendelea hadi wakapokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru wapewe vitambulisho. Mapema 2017 walianza kuvipata, na magazeti yakawaita kabila la 43. Siku ya Jamhuri ya 2020 Washona, waliokuja kama wamishonari kutoka Zimbabwe na kukaa vizazi vitatu, nao wakatangaziwa uraia.

Tulikwenda kuwauliza Wamakonde walifanyaje. Tulitarajia watuambie habari za maandamano, wakatuambia habari za madaftari. Kabla ya kutembea hata hatua moja walikuwa wamejihesabu nyumba kwa nyumba. Serikali inaweza kupuuza kilio, lakini mtu akiweka mezani orodha yenye jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama, afisa analazimika kufanya kitu nayo, hata kama ni kuipinga.

Basi tukaanza, na wanawake ndio waliofanya kazi kubwa, kwa sababu wanaume walijua majina ya vyombo na miaka ya upepo, lakini ni kina mama waliojua nani alizaliwa lini, nani alimnyonyesha nani, na mtoto yupi alifariki jina lake likapewa mdogo wake. Hapo nizame kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu itakayomsaidia msomaji zaidi.

Karatasi zilizotuokoa hazikuwa nzito. Kadi za kliniki ndizo zilizoongoza. Mtoto akipelekwa kuchanjwa, kadi huandikwa tarehe, uzito na jina la mama, na hospitali ya serikali haikuuliza uraia. Mama mmoja alikuwa na kadi ya miaka ya sabini iliyoshonwa ndani ya mto. Baada ya kadi zikaja ripoti za shule, risiti za ushuru wa samaki, stakabadhi za faini za mahakama (ndiyo, hata hati ya kushtakiwa kuwa huna kibali inathibitisha kwamba mwaka huo ulikuwa hapa!), na picha za harusi zenye tarehe nyuma. Hewa ya chumvi inakula karatasi, kwa hiyo tulizifunga kwa nailoni na kuziweka kwenye mitungi ya plastiki yenye vifuniko. Kila karatasi ilipigwa picha kwa simu na nakala ikakaa kwa mtu wa nyumba nyingine. Nyumba za makuti zinaungua. Tulijifunza hilo katikati ya kazi, familia moja ilipopoteza kila kitu kwa moto wa jiko.

Majina yalitusumbua kuliko tulivyodhani. Mtu mmoja kliniki ni Fatuma, shuleni Fatma, na kwenye cheti cha ndoa Bi Fatma binti fulani bila jina la babu. Bakari ni Abubakar, Hamisi ni Khamis. Kwa Mswahili ni jina lile lile, lakini kwa mashine ni watu wawili. Chagueni tahajia moja ya majina matatu, iandikeni mbele ya kila mwanafamilia, na tofauti za nyuma ziunganishwe kwa hati ya kiapo moja badala ya kuzigundua dirishani mbele ya karani.

Mashahidi pia. Tulikuwa tumezoea kuleta wazee wetu wenyewe, na ofisi ikasema hao ni wale wale. Wazee wa Kidigo walipokubali kusimama na kusema, “Huyu nimemjua tangu anatambaa, baba yake alivua na mimi,” mambo yalibadilika. Si wote walikubali. Wengine waliona tukitambuliwa tutadai ardhi, na hofu hiyo siidharau. Waliokubali ni wale tuliozikana nao na kuoana nao, na tuliwafuata kwa utaratibu, mshenga akitangulia kama kwenye posa, siyo kuwavamia kwa fomu.

Na kwa dada zangu wa Kidigo walioolewa na Wapemba: kwa miaka mingi maafisa waliwadai watoto wenu kitambulisho cha baba. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 14 inasema mzazi mmoja raia anatosha, mama au baba. Nimeona vijana waliopoteza miaka kumi wakisubiri karatasi ya baba wakati ya mama ilikuwa kabatini.

Maombi yetu yalipita kwa viongozi wa kaunti, kwa wabunge, kwa mashirika. Sitayasimulia yote, mikutano mingi ilikuwa ya chai na ahadi. Kulikuwa na migogoro pia ndani yetu, hasa kuhusu fedha za nauli na nani anaongea mbele ya kamera. Januari 2023 tangazo la Rais likatutambua kuwa mojawapo ya jamii za Kenya, na Julai Rais William Ruto akaja Kilifi kutukabidhi hati. Tulikadiriwa kuwa watu kama elfu saba, Kwale hadi Lamu.

Nilidhani nitafurahi. Nilipowekewa vidole kwenye mashine, mashine ilikataa alama zangu. Miaka ya kuparua samaki na kugusa mafuta ya moto ilikuwa imezifuta. Karani kijana alinipaka losheni, akaniambia, “Mama, tulia, tutajaribu tena,” na hapo ndipo machozi yalinitoka, kwa sababu ya ile sauti zaidi ya ile karatasi. Sikuwahi kuongeleshwa hivyo katika ofisi ya serikali. Wenye kazi za mikono wajue: siku chache kabla ya kwenda, pumzisha mikono, paka mafuta ya nazi usiku, na mashine ikikataa usikubali kurudishwa bila tarehe nyingine iliyoandikwa.

Kilichofuata ni kazi ya vyeti vya watoto, na hapa wengi wamelegea wakidhani safari imeisha. Kitambulisho cha mama hakimpi mtoto cheti chenyewe. Mtoto akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayeandikisha taarifa ya kuzaliwa, na ikipita miezi sita unahamia kwenye usajili wa kuchelewa, wenye karatasi zaidi na maswali zaidi. Bila cheti mtoto husumbuka kusajiliwa mtihani wa taifa. Nimekuwa nikizunguka na kinamama wachanga kwa naibu wa chifu kila mwezi, tukienda kikundi. Mmoja akienda peke yake anaambiwa aje kesho.

Ardhi haijatatuliwa. Kitambulisho kimenipa laini ya simu, kura na haki ya kupita kizuizini bila noti, lakini nyumba yangu bado iko kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Waliokuwa dago Lamu wakati wa usajili bado wanahangaika, na mama yangu alipata hati yake akiwa hawezi tena kusimama.

Kaka yangu bado ni Mdigo kwa karatasi. Wiki ijayo tuna miadi na wakili Mombasa. Amekubali kwenda kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayeongea, na nimeshamwambia alete kadi yake ya kliniki, ile ya mama, si ile aliyotengenezewa na dalali.